Pazia la Kwa Subira

Muelewe jambo moja kwanza, maana nikiwaacha hivi hivi mtaniuliza katikati ya maneno, na mimi kukatizwa sipendi. Kwa watu wa Cécilia, mama ninayetaka kuwasimulia, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hatafuni, hanywi hata maji. Hamtazami usoni, hampi mkono, na akimwona anakuja njiani anaingia majanini mpaka mama apite. Si chuki, msije mkafikiri vibaya. Yule mama amekuzalia mke, utamwonyeshaje meno yako yakisaga mfupa? Heshima si utumwa, na kila mtu alijua mpaka wake uko wapi.

Sasa niambieni, watu wa namna hiyo watakwendaje kula hotelini pamoja?

Hoteli yenyewe ilikuwa Kasongo, nyuma ya soko, hatua chache kutoka msikitini. Haikuwa na jina mlangoni. Watu walisema kwa Subira, basi. Chumba kimoja kirefu cha udongo, sakafu iliyopigwa ikalainika, meza tatu, mabenchi, na uani moshi wa kuni tangu alfajiri. Subira binti Alimasi alikuwa mama wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Kasongo toka zamani za safari za pembe za ndovu. Mnene, mwenye sauti, na mkono wake katika wali Mungu mwenyewe aliubariki. Wakati huo wa Wabelgiji, miaka ile ya pamba, siku ya soko watu walimiminika kutoka vijiji vya njia ya Wamaza na wengine kutoka Nyangwe na samaki wao. Wakishauza, walitaka kitu kimoja tu: kukaa mahali, kuletewa chakula ambacho hawakupika, na kuondoka bila kuosha sahani. Jamani, ni raha ndogo hiyo? Mwanamke aliyeinama shambani tangu utoto, siku moja anakaa na mtu anamwuliza, nikuongeze?

Lakini hao wa vijijini walimtesa Subira. Alikuwa akiandaa sinia, mama anaingia na binti yake, na mkwe anabaki nje juani, amegeuza mgongo, anangoja. Mama akimaliza anatoka, ndipo mkwe anaingia kula wali uliopoa. Subira alikasirika sana. Wali wake kuliwa baridi ilikuwa kama kumtukana. "Ninyi watu wa Wamaza," alisema, "mutaniua na bukwe yenu hii ya kuogopana wakwe!"

Aliyemtuliza alikuwa Zéphirin, fundi cherehani aliyeshona barazani pa duka la upande wa pili. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, wa maneno machache, mwenye kuona haya hata mbele ya kuku. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimama juani kila siku ya soko kumngoja mama mkwe wake amalize. Siku moja alikuja na kitambaa kikubwa cha marekani, amekipinda pembe zote na kukitia pete za waya. Alifunga kamba toka ukuta hadi ukuta, akakitundika, chumba kikawa viwili. "Haya, Mama Subira," alisema. "Sasa tutakula wote, na hakuna mutu anaona mutu."

Tangu siku hiyo pazia halikushuka. Wakwe wa njia nzima ya Wamaza walikuja kula wali wa moto huku na huku. Na mama mkwe wa kwanza kuketi nyuma yake, upande wa mlango wa uani, alikuwa Cécilia, mama mkwe wa fundi mwenyewe.

Cécilia alizaliwa Wamaza, akaolewa kijiji cha karibu na Kasongo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mume wake, André, alikuwa mkwezi wa michikichi. Mchikichi mmoja ukamwangusha, na hadithi yake ikaishia hapo. Watoto aliozaa walikwenda mmoja mmoja na homa za utotoni, akabaki Victorine peke yake. Pamba alilima kwa sababu ililazimishwa. Mpunga alilima kwa sababu aliupenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi mkali asubuhi na laini jioni, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: alisinzia macho wazi. Ungesema naye, akaitika vizuri, kumbe hayupo, yuko mbali anapepeta mpunga na mama yake aliyekufa zamani.

Kila siku ya soko alitoka kijijini na kuku mmoja kapuni. Mwenyewe hakumpika. Alimkabidhi Subira, akanawa mikono katika beseni, akaketi upande wake wa pazia na kungoja kuhudumiwa. Zéphirin alifunga cherehani yake, akaingia kwa mlango wa mbele, akaketi upande wake. Na Victorine? Victorine alikuwa na kiti chake kidogo cha miguu mitatu, pale pazia lilipoishia, karibu na ukuta. Goti moja huku kwa mama, goti moja kule kwa mume. Sahani zilipita mkononi mwake. Alikula na huyu tonge mbili, akala na yule tonge mbili, akashiba kuliko wote, kisha akalalamika kwamba hapewi nafasi ya kula.

Kuku akiiva, firigisi ilipelekwa upande wa Zéphirin, maana kwa desturi firigisi ni ya mwanamume. Na kila mara, baada ya kitambo kidogo, ilirudi. Victorine aliipitisha kwa mama yake akicheka. "Mama, hii imetoka kule."

"Mwambie mimi sina meno," Cécilia alisema, akaitia mdomoni na kuitafuna vizuri sana.

Alasiri ndiyo ilikuwa saa ya Cécilia. Soko lilipungua kelele. Jua liliingia kwa dirisha la upande wa Zéphirin, likaligonga pazia, na juu ya ile marekani iliyokwisha kuwa ya manjano kwa moshi na mawese, kivuli cha mkwe kilionekana. Kichwa kimeinama. Mkono unashuka, unapanda, unatulia. Hata mvuke wa wali ulikuwa na kivuli chake, kilipanda polepole kikapotea darini. Cécilia alikitazama kivuli hicho miaka mingi. Sura ya mkwe wake hakuijua vizuri, maana hakuwahi kuitazama. Kama ungemwuliza mkwe wako yuko namna gani, angekueleza kivuli, na kikohozi kidogo kabla ya kusema, na ukimya mzuri wa mtu anayekula akiwa na furaha.

Hapo ndipo aliposinzia. Alisikia maji ya birika yakimwagika mikononi mwa watu, alisikia mwadhini, baadaye kengele ya misioni, na vyote vilimfikia kwa mbali, vimelainika. Alikuwa Wamaza, alikuwa Kasongo, alikuwa msichana, alikuwa mjane, yote kwa pamoja na hakuna lililomwuma. Alifikiri kwamba upande wa pili wa pazia palikuwa mahali pakubwa. Hakujua kwa nini alifikiri hivyo. Aliona kama pana miti na hewa, na kwamba mwanga ule ulitoka huko.

Kisha alizinduka na kuuliza swali lake, lile lile siku zote. "Mukwe, umeshiba?"

"Nimeshiba, mama," kivuli kilijibu. "Mpaka vifungo vinalia."

"Vifungo umevishona weye mwenyewe," alidakia mzee Faradji, mchuuzi wa chumvi, aliyekula kwa Subira kila siku na kuingilia mazungumzo ya kila mtu. "Fundi gani anaogopa vifungo vyake?"

Na Victorine alicheka pale katikati mpaka kiti kikayumba. "Muone watu hawa! Mnaulizana shibe kama mko ng'ambo mbili za Lualaba, na mimi ndiye mtumbwi!"

Ilikuwa hivyo. Zéphirin na Victorine hawakupata mtoto. Walimwomba Mungu, wakanywa dawa za kijijini na za hospitali, wakachoka, wakakaa. Cécilia alisikitika, lakini hakumsema mkwe wake hata mara moja, na mkwe hakumsema mke wake. Walikuwa na siku ya soko, walikuwa na kuku. Watu wengine wana watoto tisa na hawana hata hayo.

Basi mwaka mmoja mvua zilichelewa, na homa ikaja kabla ya mvua. Ilimshika Victorine siku chache tu. Hata Cécilia alipofika mjini mbio, kanga imemfunguka njiani na hana habari, alimkuta amekwisha nyamaza. Sitaeleza kilio. Aliyezika mtoto anajua, na asiyezika Mungu amwepushe. Nitasema jambo moja tu: makaburini Zéphirin alisimama mbali naye, amempa mgongo kama inavyopasa mkwe, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Cécilia aliuona ule mgongo kupitia machozi yake mwenyewe. Alitaka kumfuta mtu yule machozi na hakuruhusiwa. Alirudi kijijini na mgongo ule moyoni.

Miezi ikapita. Siku ya soko hakwenda. Kwenda wapi, kula na nani? Alilima, alivuna, alisinzia kizingitini na macho wazi. Ndipo mwanamke mmoja aliyepita kutoka mjini alipomletea salamu: fundi Zéphirin anasema, siku ya soko inayokuja, kwa Subira. Ataleta mzigo.

Cécilia aliitika, "Asante, nimesikia." Kisha aliingia ndani na kukaa chini.

Mzigo maana yake ni nguo za marehemu. Matanga yakiisha kabisa, mume hukusanya vikwembe vya mke wake vyote, zile nguo za kujifunga, hata kile kilichochakaa, huvifunga pamoja na kuvirudisha kwa mama aliyemzaa. Mama akishaupokea mzigo mzima, wanapeana mkono. Ni mara ya kwanza na ya mwisho. Baada ya mkono huo, hapana mkwe tena. Mwanamume yuko huru kuoa, mama yuko huru kumtazama usoni, na wakikutana njiani wanaamkiana kama watu wa soko. Njia imefungwa vizuri, bila ugomvi.

Hakumlaumu. Alijiambia hivyo usiku, akajiambia tena alfajiri: kijana ni kijana, hana mtoto, lazima aoe, ni haki yake. Lakini aliuogopa ule mkono kuliko alivyowahi kuogopa nyoka. Maana huyo ndiye aliyekuwa amebaki. Duniani kote, toka Wamaza mpaka Nyangwe, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeingia majanini kwa ajili yake. Mkono huo ukishapeanwa, Cécilia atakuwa kikongwe fulani anayeuza mpunga.

Alikwenda, hata hivyo. Alimtia kuku kapuni, kwa mazoea tu, au pengine kwa ukaidi. Ukungu ulikuwa bado juu ya njia, umekaa mabondeni, na kuku alikuwa kimya. Alitembea bila kuhisi miguu. Mara mbili alisikia nyuma yake kicheko anachokijua, na mara mbili hakugeuka, ili kisiishe. Jua lilipotoka aliona mabati ya misioni yaking'aa, akaanza kutembea polepole, polepole zaidi, kama mtoto anayetumwa mahali asipotaka. Lakini njia ya Kasongo haina huruma, inafika.

Subira alimpokea uani kwa mikono miwili. "Mama Victorine! Karibu, karibu, ndugu yangu. Umekonda, maskini. Lete kuku. Ingia, uone namna nilivyokutengenezea leo!"

Cécilia aliinama mlangoni, akaingia, akasimama.

Pazia halikuwapo. Hata kamba haikuwapo. Chumba kilikuwa kimoja, kirefu, kitupu, na mwanga ulikwenda toka mwanzo hadi mwisho bila kuzuiliwa na kitu. Chini ya dirisha palikuwa na meza moja imefutwa, viti viwili vimetazamana, na katikati beseni la kunawia. Kiti cha miguu mitatu kilikuwa kimeondolewa.

"Leo hakuna kujificha," Subira alisema, uso wake wote unacheka. "Kwetu sisi mama mukwe ni mama, mutu anakula naye sinia moja. Ninyi mlikuwa na bukwe yenu, sawa, niliiheshimu. Lakini mutoto ametangulia, Mungu amrehemu. Hakuna mukwe tena hapa. Iko mama na mutoto wake tu. Mtakula pamoja, mtazamane, mlie pamoja, roho zipoe."

Alisema kwa mapenzi, msimwonee. Usiku uliopita alikuwa amelia peke yake kwa ajili yao. Kuuliza si ujinga, lakini Subira hakuuliza, na Cécilia naye hakuuliza. Aliona pazia limetoka, akafikiri aliyelitundika ndiye aliyelitoa. Nani mwingine? Fundi ameamua. Ameona vema aanze na kitambaa, amalizie na mkono.

"Asante, dada," alisema. Akaenda kuketi.

Aliutazama ule upande wa pili. Miaka yote hiyo! Ukuta ulikuwa ukuta. Ulikuwa na doa la moshi, na msumari, na mjusi mmoja aliyepanda akasimama akatazama. Dirisha lilitazama baraza la duka, na pale barazani palikuwa na cherehani imefunikwa gunia. Hapakuwa na miti. Mwanga ulikuwa wa jua tu, ule ule ulioko kila mahali. Cécilia aliona aibu, kana kwamba amemchungulia mtu akioga. Alitaka kuondoka, lakini kuku alikuwa amekwisha chinjwa, alisikia sauti ya sufuria, na harufu ya vitunguu ikaanza kuja, ile ile ya siku zote, haina habari. Machozi yalimjia. Aliyaacha yateremke.

Mzee Faradji, mezani pake, aliacha kutafuna.

Ndipo kikohozi kidogo kilipotoka mlangoni.

Cécilia aliinamisha macho upesi, kisha akakumbuka kwamba haina maana tena, na jambo hilo likamchoma kuliko yote. Hata hivyo hakuyainua. Alisikia kandambili zikivuka kizingiti, hatua moja, ya pili. Kisha zikarudi nyuma mbio, na kitu kizito kikagonga ukuta wa nje.

"Mama Subira!" Ilikuwa sauti ya Zéphirin, lakini hakuna aliyewahi kuisikia kwa ukubwa huo. Ng'ambo ya njia watu wa dukani waligeuka. "Mama Subira! Pazia iko wapi?"

Subira alikuja mbio na mwiko mkononi. "Nimelifua, baba. Liko uani, liko majimaji. Leo mule pamoja..."

"Nani amekwambia utoe pazia?"

"Hakuna aliyeniambia, ni roho yangu tu! Fundi, si muke amekufa, nikasema bukwe nayo imekwisha..."

"Muke amekufa!" Alikuwa nje bado, amesimama nyuma ya ukuta, ameuficha uso wake ndani ya mzigo, na sauti ilikatika. "Muke amekufa, nimemzika miye. Mama mukwe amekufa? Mama mukwe wangu iko ndani, anakaa pale! Unataka nimtokee na uso wazi kama mutu asiye na watu?"

Subira aliushusha mwiko.

Jamani, Cécilia. Alikuwa ameishika meza kwa mikono yote miwili. Alilia kwa sauti, kilio kibaya, cha pua na cha mabega, na ndani yake kulikuwa na furaha tele, hakujali nani anamwona.

"Haya," Faradji alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Fundi amekuwa mkali leo. Leteni kamba, kabla hajatushona midomo."

Kamba ililetwa. Pazia lenyewe lilikuwa juu ya ua, linachuruzika, na Subira alilishika huku akijilaumu, eti nia njema imemponza, eti awache kupika akauze karanga. Zéphirin hakungoja. Cécilia alisikia fundo la mzigo likifunguliwa pale nje. Alisikia nguo zikipekuliwa, moja, nyingine, na akajua anatafuta ipi. Faradji alifunga kamba ukuta hadi ukuta, akapokea kitambaa mlangoni na kukitundika.

Kilikuwa kikwembe cha buluu chenye vifaranga vya njano, kile ambacho Victorine alivaa siku za soko tu. Kilikuwa kifupi. Hakikufika sakafuni, na kwa chini miguu ya Zéphirin ilionekana yote, vidole vya vumbi na kandambili iliyotiwa kiraka. Alipoketi upande wake, jua lilimpiga kwa nyuma, na kivuli chake kikaja katikati ya vifaranga. Kichwa kimeinama. Cécilia alikitazama, na kile chumba kikawa kikubwa tena upande wa pili.

"Dada Subira," alisema, sauti bado inatetemeka, lakini ule ukali wake wa asubuhi ulikuwa umerudi kidogo. "Kiti cha mutoto wangu umepeleka wapi?"

Kiti kililetwa. Kiliwekwa mahali pake, pale kitambaa kilipoishia, karibu na ukuta. Hakuna aliyekikalia.

Wali ulikuja, na kuku, na sombe ya majani ya mhogo pembeni, vyote vya moto. Walikula. Kisha mkono wa fundi ulitokea kwenye ukingo wa kitambaa, mkono mrefu wenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano, ukaweka kisahani juu ya kile kiti na kurudi kwake. Firigisi ilikuwamo. Cécilia aliungoja mkono upotee kabisa ndipo akanyoosha wa kwake, akaichukua. Hakusema habari ya meno.

Baadaye nguo nazo zilipita hapo hapo, juu ya kiti, zimekunjwa vizuri kama afanyavyo fundi. Alizipokea moja moja na kuziweka mapajani. Alizijua zote.

"Mama," kivuli kilisema, baada ya kikohozi. "Huo mzigo haujatimia."

"Naona."

"Kimoja kinabaki hapa kwa Subira. Sitakirudisha. Hata nikioa. Huyo nitakayemwoa nitamwambia, mama mukwe wangu anatoka njia ya Wamaza siku ya soko, analeta kuku. Mzigo usipotimia, mama, hakuna mkono."

Alasiri ilikuwa imekwisha ingia, kelele za soko zilikuwa zinapungua, na mvuke wa wali ulipanda polepole na kivuli chake juu ya vifaranga vya njano. Usingizi ule wa macho wazi ulimjia Cécilia, akauacha uje. Alisikia maji ya birika. Alimsikia mtu akicheka karibu sana, pale katikati, na safari hii aligeuka, na kiti kilikuwa kitupu, na hakikumtisha. Alikaa hivyo kitambo, nguo za binti yake mapajani.

Kisha alizinduka.

"Mukwe," aliuliza, "umeshiba?"

Kivuli kilikuwa kimefunika uso kwa mikono, na chini ya kikwembe ile miguu ya vumbi ilikuwa imebanana. Faradji alitazama nje. Subira alisimama mlango wa uani na mwiko wake, hathubutu kuingia.

"Bado, mama," Zéphirin alisema mwishowe.

"Basi kula," Cécilia akamwambia. "Kula, mukwe wangu. Miye niko huku."